Usifute

1

Mwenyekiti alileta vumbi lake likiwa limefunikwa kwa kioo.

Sitanii. Mashine ya eko, ile inayorudisha sauti kama mwangwi, ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, sanduku lilikuwa juu ya mto wa mahameli, na mto ulikuwa mikononi mwa Evarist Ngonyani mwenyewe, Mwenyekiti wa Chama cha Watunza Sauti za Kale, mwanamume mwenye kitambi cha heshima aliyevaa glavu nyeupe katika joto la Tabora la mwezi wa kumi. Mimi nilikuwa nimeinamia benchi, nachomoa kapasita iliyovimba. Sikunyanyuka. Mtu anayeingia karakana na glavu nyeupe anafaa aachwe asimame kidogo.

"Fundi Sikudhani, naomba uzime feni."

"Kuna joto, Mwenyekiti."

"Vumbi litapeperuka."

Nikazima feni. Nina miaka thelathini na tatu katika kazi hii ya kufufua mashine za muziki za karne iliyopita, nimeshaombwa mambo mengi ya kipumbavu, na kubishana na wakusanyaji ni kupoteza mate bure. Akaliweka sanduku mezani, akainua kioo taratibu, kisha akarudi hatua moja nyuma ili nipate nafasi ya kustaajabu.

Nilichokiona ni boksi la bati lenye vifundo vitano, taa moja iliyokufa, na vumbi. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Katikati ya vumbi palikuwa na kipande cha plasta ya hospitali kilichogeuka rangi ya chai, na juu ya plasta mtu alikuwa ameandika kwa wino, kwa herufi kubwa za haraka haraka: USIFUTE.

"Orchestra Asali Mbichi," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya msikitini. "Walipiga hapa hapa Tabora. Tangu agizo hili libandikwe, hakuna mkono uliofuta mashine hii. Wamiliki saba, fundi. Saba, na wote wameheshimu."

"Wameheshimu uchafu."

"Wameheshimu agizo la wasanii," akanisahihisha, bila kukasirika, kwa sababu watu wa aina yake huamini kwamba mafundi hatujui tunachokishika.

Chama chao kinatoa cheti cha vumbi. Nimekiona kwa macho yangu, kina muhuri na saini mbili. Wana pia kitabu cha kanuni, na Kanuni ya 14 inaeleza kwa kirefu kwamba "kufuta ni kuondoa vumbi la asili kwa kitambaa, brashi au pumzi ya mdomo." Watu wazima walikaa kikao wakajadili pumzi ya mdomo.

Kitu cha pili alichokileta kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila mto, bila kioo. Ilikuwa mashine ya ngoma ya bendi ile ile, ile inayopiga midundo yenyewe ukibonyeza, ambayo Asali Mbichi waliinunua baada ya mpiga ngoma wao kuhamia Kigoma. Nikaichomeka. Ikaanza kupiga: mdundo wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu ukachelewa kidogo sana, kama mtu mwenye kiatu chenye kijiwe, wa nne sawa.

"Inachechemea," akasema Mwenyekiti. "Ondoa. Naitaka iwe sahihi."

Kuchechemea, ambako ndiko roho ya mashine, kuondolewe. Vumbi, ambalo ni vumbi, libaki. Nikamsukumia karatasi ya kazi, naye akaijaza kwa mwandiko wa kupamba: mashine ya ngoma, kuchechemea kuondolewe, mashine ya eko, mota izunguke na taa iwake, USIFUTE, kwa mujibu wa Kanuni ya 14. Akatia saini na dole gumba.

Mfukoni mwake sauti ya mwanamke ikasema kwa kubembeleza, "Mwenyekiti wangu, kidonge cha presha."

Naijua sauti ile. Ni ya mwimbaji wa hapa nyanda za magharibi aliyefariki kabla sijazaliwa. Alikuwa akisimama mbele ya ukumbi uliojaa na kuimba namna alivyoachwa na mume, mpaka wanaume wanatoka nje. Mkanda wake uliokotwa ndani ya kinanda kibovu, ukachimbuliwa, na sasa anamkumbusha mtu vidonge. Hicho ndicho kinachoitwa kivuli. Zikipatikana sekunde kumi na mbili za sauti ya kweli, mitambo hujaza iliyobaki, na marehemu huanza kusema chochote anachoambiwa aseme. Sheria inasema sauti iliyookotwa ndani ya mashine ni mali ya mwenye mashine. Mwenyekiti ana vivuli arobaini. Viwili vinafungua geti.

Ningemcheka kwa raha zaidi kama kichwa cha mashine kinachowachimbua watu hao kisingekuwa kazi ya mikono yangu.

2

Ndani ya mashine ya eko kuna mkanda mfupi ulioungwa ncha kwa ncha, unazunguka siku nzima. Kwanza unapita kwenye kichwa cha kufutia, kinachoondoa sauti ya mzunguko uliopita. Halafu kichwa cha kurekodi kinaweka sauti mpya. Halafu vichwa vitatu vya kusomea vinairudisha kwa kupokezana, na hapo ndipo neno moja linapokuwa matatu. Kwa hiyo mkanda wa eko unasahau kila baada ya sekunde ishirini. Ndivyo tulivyofundishwa.

Lakini kichwa cha kufutia hakifuti chote. Kinabakiza masalia, na juu ya masalia yanarekodiwa mengine, tabaka juu ya tabaka. Nilipokuwa na miaka thelathini nilitengeneza kichwa kinachopasha moto unga wa mkanda na kuyasoma matabaka hayo moja baada ya jingine. Unga ukishasomwa unabanduka, kwa hiyo kila mkanda unasomwa mara moja tu. Nilikiita kichwa cha tabaka. Nilidhani nimewafanyia wanamuziki hisani. Serikali ikakipenda, wakusanyaji wakakipenda kuliko serikali, na leo kila kichwa cha tabaka nchini kina lakiri ya Msajili wa Sauti: kikisoma, kinatuma alichosema marehemu moja kwa moja ofisini, na ofisi inampelekea mwenye mashine.

Jumatatu asubuhi mlango ukasukumwa na mwanamke mzee aliyejifunga kilemba kimekaza.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayo. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Nyamizi, natoka Ng'ambo, hapa hapa mjini. Nimeambiwa mashine ya mama iko kwako."

Nikasema moyoni, haya, wameanza. Wakusanyaji wana ugonjwa wao, lakini kuna na wale wanaowafuata nyuma. Kila chombo kikitangazwa kwenye maonyesho hutokea watu watatu wa kudai babu yao ndiye aliyekipiga. Nilimwonyesha eko kwa kidole cha bisibisi na kuendelea na kazi. Sikumpa hata kiti. Hilo ninalisema ili lijulikane.

Alisimama mbele ya lile vumbi, akafyonza.

"Nani kaiacha hivi?"

"Wamiliki saba. Kuna agizo, soma."

Akainama akasoma, midomo ikicheza. "Huu mwandiko wa mama. F yake ina mguu." Akajinyoosha. "Mama yangu aliitwa Kalunde. Wenzake wanapiga magitaa mbele, yeye anakaa kwenye stuli nyuma na hizi mashine zake mbili. Na mama yangu, mwanangu, alikuwa na kitambaa begani kuanzia anapoamka. Shangazi alikuwa anasema Kalunde angefuta hata mbuzi. Huyo ndiye aandike watu wasifute vumbi?"

Bisibisi ikanisimama mkononi.

Nimemcheka Mwenyekiti na kanuni zake kwa kurasa mbili, basi nijicheke na mimi. Kichwa cha kufutia ndicho ninachokigusa kila siku ya Mungu. "Futa" ni neno la kazi yangu. Na bado nililisoma kwenye plasta ile siku ya Alhamisi nikawaza kitambaa, sawa na wapumbavu saba waliotangulia.

"Hasemi vumbi," nikamwambia. "Mama, kaa hapa. Hasemi vumbi. Anasema kuna kitu alikirekodi kwenye mkanda, kisifutwe."

Alikaa. Hakushtuka nilivyotarajia. Alitazama mikono yake, akasema polepole, "Kumbe ndiyo mashine hiyo."

Akanieleza. Alikuwa na miaka sita mama yake alipokwenda kufanyiwa upasuaji ambao hakurudi. Asubuhi ile Kalunde alimwambia wifi yake, yaani shangazi wa Nyamizi, kwamba maneno ya mtoto ameyaacha kwenye mashine. Na hapa kwetu mashine ni nini, kama si ya kusaga? Baada ya matanga shangazi alifunga safari hadi kwa mwenye mashine, akamuuliza, wifi yangu ameacha maneno gani hapa? Yule bwana akafikiri, akajibu kwamba hakuacha maneno, ameacha debe. Shangazi akarudi nyumbani na debe.

"Tulilitunza lile debe," Nyamizi akasema. "Nilikuwa naliangalia ndani."

Wakati huo huo Asali Mbichi walikuwa wakiendelea kupiga gitaa kupitia eko ile kila Jumamosi, wakirekodi juu ya Kalunde mara elfu kwa usiku mmoja, na wakikemeana mtu asiguse vumbi. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Wafu wote, na sina wa kumtukana.

"Basi yameshafutika," akasema.

"Yamerekodiwa juu. Yapo chini kabisa." Nikamweleza habari za matabaka. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema jambo lililoniharibia siku.

"Mwenyekiti naye alisema yanaweza kupatikana. Nilianzia kwake. Niliona ndiyo adabu, mashine ni yake."

Hatukumaliza dakika kumi, simu yangu ikalia na ujumbe wa Evarist Ngonyani: "Fundi, kuna uwezekano wa sauti. Jumatano saa tatu asubuhi nakuja na afisa wa Msajili na kichwa chenye lakiri. Hadi hapo agizo ni lile lile. USIFUTE."

"Amesema atamtengeneza awe anaongea," Nyamizi akasema. "Na mimi niwe naenda Jumapili kuongea naye. Sebule yake ni nzuri, ina viti laini. Ila atakuwa na kazi nyingine siku za kazi. Amesema sauti ya mama mlezi inafaa kwenye matangazo ya maziwa."

"Na wewe unataka?"

"Nina miaka themanini na moja sijamsikia mama akinijibu, isipokuwa ile sita ya mwanzo, na hiyo siikumbuki. Ningetakaje nisitake?"

Hapo nilitakiwa nikae kimya, maana sauti haikuwa yangu. Lakini nilimwambia habari za Mrisho.

Mrisho alikuwa mume wangu. Alipofariki nilikuwa na dakika tatu za sauti yake na kichwa cha tabaka nilichokibuni mwenyewe, kwa hiyo nikawa mjane wa kwanza nchini kuwa na kivuli. Asubuhi ya kwanza kiliniambia, "Umeamkaje, mpenzi wangu?" Mrisho hakuniita mpenzi hata siku ya ndoa. Aliniita "we fundi." Alikuwa mkorofi, anakula kwa kelele, anagombana na redio. Kivuli kilikuwa na adabu. Kilinisifia chakula ambacho hakikuonja. Nilikaa nacho miezi minane, na siku nilipokizima niligundua kwamba siwezi tena kukumbuka alivyokuwa akisema "we fundi." Kila nikijaribu inakuja ile ya adabu. Imerekodiwa juu, na kichwani mwangu hakuna kichwa cha tabaka.

"Kwa hiyo unanikataza," Nyamizi akasema.

"Nakueleza yaliyonikuta. Zipo njia mbili. Ya Mwenyekiti umeisikia. Ya pili, nina kichwa changu cha kwanza kabisa, cha kabla ya sheria, hakina lakiri. Kesho nausoma mkanda hapa, unasikiliza kwa masikio yako, hakuna kinachorekodi. Mara moja. Baada ya hapo mkanda unabaki mweupe, na hakuna mtu atakayemsikia tena, hata wewe."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Hilo niachie."

Akaniomba maji ya kunywa. Akanywa yote, akairudisha bilauri mezani, akaagana nami bila kusema ameamua nini.

3

Jumanne saa nne alirudi, amevaa gauni la kitenge la kwendea harusini.

"Simu niweke wapi?" akauliza. Nikajua.

Nilizifungia simu zetu mbili kwenye friji, nikachomoa kila chenye sikio humo ndani, nikafunga madirisha. Kichwa changu cha kwanza hukaa ndani ya kopo la kakao, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Mashine ya eko niliifungulia kwa chini, skrubu nne, nikiwa nimeiegemeza ubavu mmoja kwa vitabu ili hata punje moja ya vumbi lao isisogee. Ilinichukua saa nzima. Mgongo uliuma na nilifurahi sana.

Sasa mashine ya ngoma. Matabaka yakiwa mengi namna ile huwezi kujua sauti ipi iko wapi. Ni kama sokoni siku ya mnada. Unahitaji mdundo unaoujua ili uufuate. Kalunde alikuwa akipiga ngoma na eko pamoja siku zote, na ngoma yake ilichechemea kwenye mdundo wa tatu. Waliomfuata walinunua ngoma nyingine, nzima. Kwa hiyo katika mkanda wote tabaka lenye mguu mbovu ni la Kalunde peke yake. Kama ningekuwa fundi mtiifu, ningeshaitengeneza ile ngoma tangu Ijumaa, na asingepatikana na mtu yeyote, wala Mwenyekiti, wala Msajili.

Nikaiwasha ngoma. Nikawasha kichwa. Mkanda ukaanza kupita, harufu ya unga ulioungua ikatoka.

Kwanza ulikuja mvumo. Halafu magitaa, yamelundikana, Jumamosi juu ya Jumamosi, mtu anacheka, chupa inaanguka, mwimbaji anakosea na kurudia. Nyamizi alikuwa amefumba macho. Nikawa nazungusha kifundo kidogo kidogo, magitaa yakiyeyuka moja baada ya jingine, mpaka chini kabisa nikausikia: moja, mbili, tatu inayochelewa, nne. Nikakaza.

Mwanamke akakohoa. Akasema, karibu kabisa na maiki:

"Hii inashika? Nyamizi. Mama kaenda hospitali, anarudi. Shangazi akikusuka asikukaze. Mwambie mama kasema."

Na eko ikairudisha, kasema, kasema, kasema, kila mara ikipungua, na ngoma ikachechemea mara mbili peke yake, na mkanda ukaisha.

Niliangalia saa kwa mazoea. Sekunde kumi na nne. Zilizidi mbili juu ya zinazotakiwa.

"Ana mafua," Nyamizi akasema. Kisha, "Hakuna aliyeniambia alikuwa na sauti nzito." Kisha akaanza kucheka, mkono kwenye kilemba. "Na alinikaza. Shangazi, Mungu amrehemu, alinikaza miaka yote, macho yanavutika hadi huku, nikilia ananipiga kitana. Kumbe nilikuwa na ruhusa."

Niliyelia ni mimi. Sipendi kulia mbele ya watu na sikuweza kujizuia.

Nyamizi alifungua macho, akanitazama, akasema kwa upole kama anayeomba chumvi, "Rudia."

Tulikwisha kuelewana. Nilikuwa nimemweleza mara tatu, na mara tatu alikuwa ameitikia. Hata hivyo alisema rudia, na nikaona usoni mwake mtoto wa miaka sita akingoja.

"Hairudiwi, mama."

Chini ya kichwa palikuwa na unga wa kahawia, kijiko kimoja hivi, na mkanda ulikuwa umebaki mweupe unaopitisha mwanga. Aliutazama sana. Sikujua kama nimemtendea wema au nimemwibia, na mpaka leo kuna siku sijui.

4

Jumatano saa tatu kamili wakafika: Mwenyekiti na glavu zake, na afisa wa Msajili, binti mrefu mwenye mkoba wa chuma.

Mwenyekiti alikwenda kwanza kwenye vumbi. Alitoa kioo cha kukuzia, akalikagua pembe hadi pembe, akalinganisha na picha ya cheti. Halikuwa limeguswa. Plasta ilikuwa mahali pake. Akashusha pumzi, kwa upande, ili isilipeperushe.

"Kazi safi, fundi. Sasa tumsikie mama yetu."

Mama yetu.

Afisa akafunga kichwa chenye lakiri. Mkanda ukazunguka mara moja, mara mbili. Kwenye kioo cha mkoba ukatokea mstari mmoja ulionyooka.

"Huu mkanda ni mpya," afisa akasema. "Hauna kitu."

Ilichukua muda ikamwingia Mwenyekiti. Shingo yake ndiyo iliyoanza kubadilika rangi.

"Nilikuagiza usifute. Mara mbili nilikuagiza."

"Sikufuta, Mwenyekiti." Nikamsogezea karatasi yake ya kazi yenye dole gumba lake. "Kwa mujibu wa Kanuni ya 14, kufuta ni kuondoa vumbi la asili kwa kitambaa, brashi au pumzi ya mdomo. Vumbi si hilo hapo? Umelikagua mwenyewe."

"Unajua nilichomaanisha."

"Mimi najua. Ila Chama chako hakijui, na kimeandika."

Afisa aliinamia mkoba wake akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka uso ulikuwa wa kazi. "Fundi, nakuuliza rasmi. Palikuwa na sauti?"

Ningeweza kusema hapana. Mkanda wa miaka zaidi ya sabini, nani angebisha? Lakini kusema hapakuwa na sauti ingekuwa kumfuta Kalunde mara ya pili, tena kwa mdomo wangu.

"Ilikuwepo. Nimeisoma jana kwa kichwa kisicho na lakiri, nilichokitengeneza mwenyewe kabla ya sheria. Ameisikia yule inayemhusu. Basi."

Nikampa kopo la kakao. Kichwa kilichokuwa ndani nilikuwa nimeshakisaga kwa koleo. Akaandika, akachukua kichwa changu cha pili, kile cha halali, akabandua leseni yangu ukutani na skrubu zake. Kazi ya vichwa sitaifanya tena maisha yangu. Nimebakiwa na mota na vifundo.

Mwenyekiti hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekiona kijiko kile cha unga, nilichokiacha kwenye kisosi benchini.

"Na hiki?"

"Ndiyo unga wa mkanda wa zamani. Ulibanduka, nikaweka mpya."

Akainama. Hasira ikamtoka usoni taratibu na mahali pake pakaingia kitu ninachokifahamu vizuri sana. Akavua glavu moja, akatoa bahasha, akaukomba unga ule hadi punje ya mwisho kwa kipande cha kadi.

"Hiki hakijawahi kusajiliwa," akamwambia afisa, akinong'ona tena. "Vumbi la sauti yenyewe."

Mfukoni mwake yule mwimbaji marehemu akamkumbusha kidonge. Kabla hajaondoka aliwasha eko kuijaribu, akashika maiki, akasema kwa sauti ya mkutano, "Moja, mbili." Ikamrudishia mbili, mbili, mbili.

"Inafanya kazi," nikamwambia. "Na ngoma haichechemei tena." Hilo pia nilikuwa nimelitekeleza, saa mbili asubuhi ile ile, dakika tano tu. Sikutaka abaki na mdundo wa kumtafutia Kalunde kwenye mkanda mwingine wowote.

Akaondoka na mto wake, kioo chake na bahasha yake. Jumamosi iliyofuata Chama kiliitoa bahasha kwenye maonyesho, na watu wakapanga foleni.

5

Wiki mbili baadaye nilikuwa nalehemu swichi ya redio, kazi ya mtoto, mlango ukasukumwa.

Sikumtambua mara moja kwa sababu hakuwa na kilemba. Nywele zote nyeupe, zimesukwa mistari minene ya kwenda nyuma, imelegea, mmoja umeshaanza kufumuka juu ya sikio. Msusi yeyote angeona haya kuitwa mwenye kazi ile.

Nilimpa kiti kabla hajasema kitu. Feni nikaielekeza kwake.

"Umependeza, mama."

"Nimekwenda pale stendi, kwa wale mabinti," Nyamizi akasema. "Mmoja kakaa nyuma yangu, kaanza kuvuta. Nikamwambia usinikaze, mama kasema."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akaniuliza, mama yupi tena, bibi, na umri huo?"

Aliushika ule mstari uliofumuka, akauacha ulivyo.

"Nikamwambia, wangu."